Musituambie tena «Kinshasa haijatuma»

Leo tunataka kuzungumza juu ya feza. Si feza ya mushahara. Ile tutairudilia siku ingine, juu nayo iko na mambo yake. Tunataka kuzungumza juu ya feza inayoingia mu sanduku ya komini kila mara kamiyo ya shaba inapotoka ku machimbo, juu ya wakubwa wanaoipokea, na juu ya jibu moja ambalo sisi wote tumelisikia tangu utoto.

Jibu lenyewe munalijua. Mama mumoja anauliza: daraja ya kartye yetu imebebwa na mvula, itatengenezwa lini? Mukubwa anavua miwani, anapangusa uso, anajibu: «Mama, Kinshasa haijatuma.» Mwalimu anauliza juu ya mabati ya masomo yaliyobebwa na upepo. «Kinshasa haijatuma.» Vijana wanauliza juu ya takataka iliyojaa ku soko. «Kinshasa haijatuma, muvumilie.» Jibu hili lilikuwa tamu kwa kila mukubwa, juu Kinshasa iko mbali. Hakuna mama wa Kolwezi ao wa Likasi anayeweza kupanda taksi-moto asubuhi, aende kuuliza kule kama ni kweli, kiisha arudi kupika bukari mangaribi.

Tusimwonee mutu: zamani jibu lile mara nyingi lilikuwa la kweli. Sheria ya madini ya 2002 iliandika kwamba malipo ambayo sosiete inatoa juu ya madini inayouza, ile tunaita redevansi, igawanywe: asilimia 60 ibaki kwa serikali kuu, 25 iende ku jimbo, na 15 iende ku mji ao teritware mahali machimbo iko. Ku karatasi ilikuwa vizuri. Lakini feza yote ilikuwa inasafiri kwanza mpaka ku hazina ya Leta, kiisha njo watu wangoje irudi. Kwenda ilikuwa inaenda mbio. Kurudi ilikuwa inarudi kidogo kidogo, ao hairudi hata. Mukubwa wa wakati ule, hata kama alikuwa na roho nzuri, alikaa mu biro na sanduku tupu.

Mu mwezi wa tatu 2018 sheria ile ilibadilishwa. Wengi wetu tulisikia tu kilio cha sosiete kubwa, zilizosema kwamba malipo imepanda sana. Lakini ndani yake, ku kifungu cha 242, kuna jambo linalotugusa sisi watu wa kartye kuliko kilio kile chote. Redevansi sasa inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao eneo la shefu wa kimila mahali madini inatoka, na 10 kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Na ile 15 haipite tena Kinshasa. Sosiete yenyewe inaitia moja kwa moja ku konti ya komini, mu banki. Ile 25 ya jimbo vilevile.

Musomaji, simama kidogo hapa. Kwa feza hii, Kinshasa haina kitu cha kutuma. Mukubwa wa komini anayejibu leo «Kinshasa haijatuma» anajibu swali ya 2010. Ao hajasoma sheria ya kazi yake, ao ameisoma vizuri sana na anajua kwamba sisi hatujaisoma.

Tufanye hesabu, juu hesabu haina chama. Tuseme tani moja ya shaba inauzwa dola 9 000. Bei inapanda na kushuka kule London, lakini tuchukue ile. Kamiyo moja inabeba tani 30. Ni dola 270 000. Redevansi ya shaba ni asilimia 3,5 ya bei ile: ni dola 9 450. Sasa ondoa fungu la komini, ile 15 ku 100. Inabaki dola 1 417 na nusu. Kwa kamiyo moja. Kumi zikitoka, ni dola 14 175. Watu wanaokaa pembeni ya njia ya Kolwezi mpaka Likasi wanajua kamiyo ngapi zinapita usiku na muchana. Hatuna lazima ya kuwafundisha kuhesabu.

Lakini muangalie vizuri, juu hapa wengi wanakosea na wakubwa wanatumia kosa ile kuwacheka. Si kila kamiyo inayopita mbele ya nyumba yako inaacha kitu ku komini yako. Fungu la 15 ni la mahali madini inatoka, si la mahali kamiyo inapita. Kamiyo inayotoka ku machimbo ya Kolwezi na kupita Likasi kuelekea Kasumbalesa, Likasi inaachiwa vumbi na mashimo. Tunaona hiyo si haki, lakini njo sheria ilivyo. Basi swali ya kwanza ya kila mukaaji ni hii: machimbo gani iko mu mipaka ya komini yetu? Na kuna mahali komini na shefu wa kimila wanavutana juu ya mipaka, kila mumoja anasema shimo ni lake, na katikati ya ile vita watu wa chini hawaone kitu.

Kobalti ni mambo ingine. Tangu mwisho wa 2018 Leta iliihesabu kuwa madini ya pekee, na redevansi yake ni asilimia 10. Wakati serikali ilifunga njia ya kobalti kutoka inchi mu mwezi wa pili 2025, juu bei ilikuwa imeanguka, redevansi ya kobalti nayo ilisimama, maana inalipwa wakati madini inatoka ku machimbo ao ku kiwanda kwenda kuuzwa. Mukubwa anayesema: «Miezi ile tulipokea kidogo juu kobalti haikutoka», huyu tunamusikiliza. Ametupa sababu ambayo tunaweza kuichunguza. Jibu la namna ile ni heshima. Tunalolikataa ni lile jibu lisiloweza kuchunguzwa na mutu.

Sasa tuulize: feza ile iko wapi?

Hatuseme kwamba hakuna kitu kilichofanywa. Mutu aliyetoka Kolwezi mu 2010 na kurudi leo anaweza kupotea njia, juu mahali palikuwa vumbi sasa kuna lami, taa, mizunguko mizuri ya magari. Kusema hakuna kitu ni uongo, na uongo haumusaidie mukaaji. Lakini mukiuliza nani amelipa njia ile, mutapata majibu matatu kwa njia moja. Gavana anasema ni jimbo. Burgumesta anasema ni komini. Sosiete inaleta afishi yenye jina lake na kusema ni yeye.

Hapo njo penye siri, na tunaomba musome polepole. Kuna mifuko zaidi ya mumoja. Kuna redevansi tuliyoisema. Kuna pia ile 0,3 kwa 100 ya mauzo yote ya mwaka, ambayo sheria ileile ya 2018 inaomba kila sosiete itoe kwa maendeleo ya watu wanaokaa pembeni ya machimbo. Ile inasimamiwa na kamati mahali sosiete na wakaaji wanaketi pamoja. Na kuna mapatano ambayo sosiete inapashwa kutia sahihi na wakaaji, yale wanaita kaye ya shariji: masomo kazaa, foraji kazaa, dispansere kazaa, ndani ya miaka mitano. Mifuko mitatu, foraji moja. Foraji ile inafunguliwa mu mwezi wa tano na sosiete, mu mwezi wa sita na komini, na wakati wa kura inafunguliwa tena na depite ambaye hajaleta hata musumari. Kama foraji moja inahesabiwa mara tatu, maana yake kuna foraji mbili ambazo hazikuchimbwa. Feza yake ilienda wapi? Hatusemi imeibwa. Tunasema hakuna mutu aliyetuonyesha.

Mama mumoja tuliyemukuta na bidoni yake ku mustari wa mayi alituambia: «Siku ya kufungua, mayi ilitoka. Balipiga picha. Kesho yake ilitoka tena. Posho ile yote ilitoka. Sasa ni mwezi wa ine, ni paka plaki njo inaangaza.» Tulipomwambia tutaandika, alicheka. «Weye andika tu. Bao habasomake. Banangaliaka paka picha yabo.»

Basi tumeamua leo hatutatia picha ya mutu.

Tumesikia watu wengi wakisema kwamba shida ni mutu: huyu burgumesta ni mubaya, tumupate mwingine. Sisi tunaona shida iko chini zaidi. Mukubwa wa komini anamwogopa nani? Mutu anamwogopa yule anayeweza kumuondoa ku kiti. Katiba ya 2006 inasema komini ni utawala unaojiongoza, na sheria ya mwezi wa kumi 2008 inaandika wazi kwamba burgumesta anachaguliwa na wakonseye wa komini, nao wakonseye wanachaguliwa na sisi. Vizuri. Lakini kwa miaka na miaka wakonseye hawakuwapo, na burgumesta alikuwa anatumwa toka juu kwa karatasi. Mutu aliyetumwa na karatasi anaangalia upande karatasi inatoka. Ukimupigia kelele mbele ya biro, atakupa kiti na soda, atakusikiliza, na ukitoka atapiga telefone juu, si kuomba foraji yako, bali kusema: «Hapa kuko shwari.»

Halafu tarehe 20 ya mwezi wa 12, 2023, siku ileile ya kuchagua prezida na wadepite, wakaaji wa komini za miji mikubwa ya majimbo walichagua wakonseye wao. Ku Kolwezi ni Dilala na Manika. Ku Lubumbashi ni komini zote saba. Likasi, pamoja na machimbo yake yote, haikuingia, juu si mji mukubwa wa jimbo. Na tunajua inawauma wasomaji wetu wa Panda, Kikula na Shituru, nao wana haki kuumwa. Kalendari ya kuchagua maburgumesta, ambayo ilipaswa kufuata, imesogezwa mbele zaidi ya mara moja.

Hata hivyo wakonseye wako. Wangapi kati yetu wanajua majina yao? Wakati wa kampanye tuliwaona: matriko, bikwembe, mafuta kidogo, unga wa bukari. Leo wengine tunawaona ku soko, wanashuka na njia ya pembeni. Wanalalamika kwamba hawalipwe, kwamba hawana biro wala kiti. Tunawaamini, na tunawahurumia kidogo. Lakini kuna kazi ambayo haihitaji kiti. Sheria inawapa mamlaka ya kupitisha bajeti ya komini, kumuuliza burgumesta maswali kwa mudomo na kwa mukanda, kumwita ajieleze mbele yao, na kufungua uchunguzi. Konseye mumoja, kalamu moja, karatasi moja: «Bwana Burgumesta, toka mwezi wa kwanza mpaka wa sita, konti ya komini ilipokea redevansi kiasi gani, toka sosiete gani?» Swali ile haina bei. Yule atakayeiuliza, tutaandika jina lake hapa kwa herufi kubwa, na hatutaomba atuletee unga.

Wazee wetu wa kambi wanatuambia kwamba sisi vijana tunajisumbua bule. Wanakumbuka vile watu walisema Union Minière njo baba, njo mama. Nyumba ilitoka kule, posho ilitoka kule, hospitali, masomo, mupira. Kiisha kwa mwaka wa 1967 ikawa mali ya Leta, ikaja kuitwa Gécamines, na baba aliendelea kulisha. Nani angemwomba baba amuonyeshe kitabu ya feza? Halafu ikafika 1990, shimo la Kamoto likaanguka, na miaka iliyofuata mushahara ukawa wa kungojwa miezi na miezi. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walipewa bahasha, wakaambiwa wameondoka kwa mapenzi yao. Wengine wa wazee wale wangali wanaketi ku kivuli na mikanda yao ndani ya sakoshi ya plastiki, wanangoja hesabu imalizike.

Tunawaheshimu. Lakini wanisamehe wazee: mazoea ile ya baba njo inatuua. Leo kuna watu wanaomwita burgumesta «papa wetu», wanacheza ngoma juu amewapa foraji, wanamukalisha ku kiti cha mbele ya kanisa. Mutu hamushukuru kasie wa banki kwa magoti juu amemupatia feza yake mwenyewe. Anaihesabu, anaangalia kama imetimia, anasema asante, anaenda.

Na wachimbaji wa mikono? Kwao mambo iko mabaya zaidi, juu wao wanalipa bila kuandikwa mahali. Sheria inasema muchimbaji awe na karte, awe mu kooperative, achimbe mu zone iliyotengwa kwa kazi ile. Zone zilizotengwa ni chache, na nyingi hazina madini ya kumulisha mutu. Basi anaenda mahali madini iko, na kule anakuta bariere. Hapa analipa askari, pale analipa mutu wa kooperative, mbele analipa mutu wa utumishi fulani mwenye kofia, na mwisho mununuzi anapima kilo na asilimia kwa mashini ambayo yeye peke yake anaisoma. Risiti? Ukiomba risiti unaonekana mutu wa fujo. Na kila mutu wa Kolwezi anajua kwamba nyuma ya kooperative zingine kuna mukubwa ambaye hajawahi kushika piki mu mukono. Jina lake haliko ku karatasi, kuna jina la shemeji. Sasa mukubwa yule, siku ikifika ya kukata kama kipande kile cha inchi kiwe zone ya wachimbaji ao kibaki cha sosiete, atasema kwa mudomo wa nani? Muchimbaji anayemupigia makofi anafikiri ni mutetezi wake. Pengine ni mwenye shimo.

Tunajua jibu la wasomaji wengi, juu tunalipata ku njia, ku kanisa, ku matanga: wote ni wamoja, mukimuondoa huyu, atakuja mwingine mwenye tumbo tupu zaidi, heri huyu aliyeanza kushiba. Hatuwezi kuapa kwamba ni uongo. Sisi nasi hatuwaamini wakubwa. Tumeona watu waliopiga kelele pamoja nasi wakipewa kiti na kunyamaza ndani ya juma moja. Ndiyo maana hatuombi mutu muzuri. Tunaomba mukanda.

Tunasema mukanda ku ukuta. Kila miezi mitatu, mbele ya biro ya komini, mahali kila mutu anapita, karatasi moja yenye muhuri: sosiete fulani ilitia kiasi fulani tarehe fulani; tulikitumia ku kazi fulani, kandarasi alikuwa fulani, alilipwa kiasi fulani; mu konti imebaki kiasi fulani. Kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Haihitaji mutambo, haihitaji semina ya siku tatu na pause-café. Ba mama wa likelemba wanafanya kazi hii kila posho ku soko: kuna kaye, kuna jina, nani ametoa, nani amepokea, nani bado. Mama anayechezea kaye ile anajua kitakachomupata. Kama mama muuzaji wa sombe anaweza, komini yenye waandishi, wahasibu na jipu nyeusi inaweza.

Na wasituambie kwamba ni siri ya kazi. Upande mumoja wa hesabu uko wazi tayari. Inchi yetu iko mu ITIE, ile mapatano ya kuweka wazi feza ya madini, na ripoti zake zinaandika sosiete gani ilisema imelipa kiasi gani, hata kwa komini na sekta. Mutu mwenye telefone na mega kidogo anaweza kuzisoma. Tunajua zinakawia, na zimeandikwa kwa lugha ya watu wa biro. Lakini aliyetoa amesema ametoa. Anayebaki kimya ni yule aliyepokea.

Wengine watasema gavana njo mwenye kufunga mikono ya burgumesta, juu jimbo iko mulinzi wa komini, na bila jimbo kukubali komini haiwezi kununua hata sementi. Kama njo hivyo, burgumesta aseme. Aseme mbele ya wakonseye: feza iliingia, niliomba kuitumia, jimbo ilikataa, mukanda wa kukataa ni huu. Tutamutetea sisi wa kwanza. Lakini hawezi kukaa katikati, akisema ku watu kwamba amefungwa na ku wakubwa kwamba iko shwari.

Juu ya ile asilimia 10 ya vizazi vitakavyokuja tutaandika siku ingine. Leo tuseme tu kwamba feza ya wajukuu inachungwa na watu wa leo, na kwamba madini ikiisha wajukuu watakuwa na mashimo na ile feza, ao mashimo peke yake.

Kuna jambo moja la umeme ambalo tulitaka kuliacha, lakini linatukwama ku koo. N'Seke na Nzilo ziko hapa kwetu, mayi ya Lualaba njo inazungusha mashini zake tangu wakati wa Wabeleji. Nyaya zinapita juu ya vichwa vya watu, zinaenda ku viwanda. Chini ya nyaya, mutoto anasomea mutihani wa Leta ku mwanga wa telefone. Kwa mambo ya umeme burgumesta hana nguvu kubwa, hatumudai hiyo. Lakini kabine moja ya kartye, komini inaweza kuinunua na feza ya kamiyo, na mahali zingine watu wa kartye wameinunua wenyewe kwa kuchangisha, nyumba kwa nyumba. Wale waliochangisha wanapaswa kujua kwamba komini yao nayo ilikuwa inachangiwa.

Kuanzia mwezi ujao, ku ukurasa huu wa Kiswahili, tutatenga nafasi kwa kila komini ya mji inayopokea redevansi: jina la komini, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka. Burgumesta anayetaka nafasi yake ijae atutumie mukanda, tutauchapa vile ulivyo, bila kuongeza neno. Asiyetuma, jina la komini yake litachapwa na chini yake patabaki peupe. Konseye anaweza kututumia pia, kama ana karatasi yenye muhuri. Mukaaji yeyote mwenye fotokopi ya bajeti ya komini yake, ao ya mapatano ya sosiete na kartye yake, ailete ku gazeti. Jina lake hatutaliandika. Na mama wa bidoni, tutarudi kwake kuuliza kama mayi imetoka.